Dirisha, Ubao na Njia ya Panya

Abiria wa basi la Nairobi kwenda Kampala zamani alishuka mara mbili pale Busia. Alipanga foleni upande wa Kenya akagongewa muhuri wa kutoka, akavuka kwa miguu, kisha akapanga foleni ya pili upande wa Uganda agongewe muhuri wa kuingia. Aliyechoka kubeba mizigo kati ya mageti hayo mawili alipanda baiskeli. Inasimuliwa kwamba baiskeli hizo ndizo zilizozaa neno bodaboda katika miaka ya 1960. Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani. Anayetoka Kenya sasa hasimami upande wa Kenya: hupita hadi jengo la Uganda, ambako maofisa wa nchi zote mbili wamo chini ya paa moja. Anayekuja Kenya hufanya vivyo hivyo upande wa Kenya.

Mizigo mingine huvuka hapo bila lori. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na kutoka pwani nyuzi za kioo hupanda bara hadi Busia na Malaba, zikaipatia intaneti Uganda isiyo na bahari. Fundi anayetunza rauta katika njia hiyo ana maswali yaleyale ya mtu wa forodha: kimepita nini, kiasi gani, na kipi kilikataliwa mlangoni? Tatizo lake ni kwamba daftari haliko upande wake. Kila kompyuta ina nchi mbili ndani yake, nchi ya programu na nchi ya kiini cha mfumo endeshi, na ni kiini peke yake kinachoruhusiwa kuigusa kadi ya mtandao. Kiini ndicho kinachohesabu baiti na pakiti. Programu inayotaka hesabu hizo lazima iombe, na namna ya kuomba hutofautiana kwa ukoo wa mfumo kama taratibu za mipaka zinavyotofautiana.

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilichagua dirisha. Toleo la 4.2BSD la mfumo endeshi wake, la mwaka 1983, lilileta amri ya ifconfig, na nyuma ya amri hiyo kuna ombi liitwalo ioctl: swali moja, jibu moja. Ukitaka anwani ya kadi, ulizia anwani. Ukitaka kujua kama kadi imewashwa, panga foleni tena. Hata orodha ya kadi zote ina sharti lake. Mwombaji huja na chombo chake mwenyewe. Kikiwa kidogo, kiini hukijaza kisha hunyamaza, bila kusema kwamba kuna kilichobaki. Waandishi makini wa programu walijifunza kurudi na chombo kikubwa zaidi, na kikubwa zaidi, mpaka majibu mawili yalingane. Usumbufu huo haukuuondolea utaratibu huu heshima yake. Ni mfupi, hauna mbwembwe, na mifumo mingi iliyofuata iliuiga.

Ajabu ni kwamba kwa hesabu za pakiti, watu haohao wa Berkeley hawakupita dirishani. Amri yao ya netstat ilifungua faili la /dev/kmem, yaani kumbukumbu ya kiini chenyewe, ikaenda moja kwa moja mahali ilipojua kwamba namba zimewekwa. Mkazi wa Busia hahitaji kuelezwa zaidi. Hiyo ni njia ya panya. Tofauti ni moja, nayo si ndogo: panya huyu alikuwa na kibali cha serikali, kwani netstat ilipewa ruhusa maalumu ambayo mtumiaji wa kawaida hakuwa nayo. Lakini vichochoro ni vichochoro. Kiini kikijengwa upya na vitu vikahamishwa, ramani ya jana humpotosha aliyeishika. 4.4BSD ikaja kulitatua hilo kwa sysctl, ambayo hutoa orodha yote ya kadi pamoja na hesabu zake kwa jibu moja la halali.

Linux ilibandika ubao wa matangazo. Faili la /proc/net/dev halimo kwenye diski. Kiini hulitunga pale mtu anapolisoma, mstari mmoja kwa kila kadi: baiti zilizoingia, pakiti, makosa, zilizotupwa, kisha safu za zilizotoka. Nakiri kwamba naupenda ubao huu. Hauhitaji programu maalumu, na mwanafunzi wa siku ya kwanza anausoma kwa macho yake. Gharama yake imejificha: kiini hugeuza namba kuwa maandishi, programu hugeuza maandishi kuwa namba tena, na yeyote anayesoma kwa kukariri nafasi ya safu hukwama safu mpya ikiongezwa. Linux 2.6 ya mwaka 2003 ilijaribu njia nyingine, kila namba na faili lake chini ya /sys/class/net. Hapo hakuna safu ya kukosea. Ila ukisoma faili moja baada ya jingine, namba unazopata si za nukta moja ya wakati.

Kisha Linux ina netlink, ambayo upande wake wa mitandao ulijengwa zaidi na Alexey Kuznetsov, nayo ikaelezwa katika hati RFC 3549 ya mwaka 2003. Hapa ndipo ninapokiona kituo cha pamoja cha Busia. Ombi moja huleta jina la kadi, hali yake na hesabu zake kwa mfuatano wa ujumbe. Zaidi ya hapo, netlink huanza mazungumzo yenyewe: programu iliyojiandikisha hupashwa habari waya unapochomolewa, ilhali dirisha na ubao husubiri mtu aje aulize. Malipo yake ni kwamba ujumbe wake hausomeki kwa macho. Unamtaka mjuzi, kama hati za forodha zinavyomtaka wakala.

Njia hizo zote huzungumza ndani ya mashine moja. Itifaki ya SNMP, iliyowekewa kanuni mwaka 1990, iliwalenga wageni: fundi wa Nairobi anayetaka daftari la rauta iliyoko Malaba bila kujua kiini chake ni cha ukoo gani. Dawa yake ni namba. Baiti zilizoingia kwenye kadi huitwa 1.3.6.1.2.1.2.2.1.10, iwe ni Linux au BSD. Forodha walikuwa wameshafika huko: kwa mfumo wa pamoja wa kuainisha bidhaa ulioanza kutumika mwaka 1988, mahindi ni 1005 yatokapo Uganda na ni 1005 yaingiapo Kenya.

Daftari zote hizi zina tabia moja: hakuna inayosema kasi. Hutoa jumla, kama mita ya kilomita kwenye lori. Kasi utaipata kwa kusoma mara mbili, kutoa, kisha kugawa kwa muda uliopita. Na mita hurudi sifuri. Kihesabio cha biti 32 hufika 4,294,967,295 kisha huanza upya. Kwenye laini iliyojaa ya megabiti 100 kwa sekunde, hilo hutokea baada ya dakika 5.7; kwenye gigabiti moja, baada ya sekunde 34. Programu ya MRTG ya Tobias Oetiker, iliyotolewa mwaka 1995, ilizoea kusoma kila baada ya dakika 5, kwa hiyo ilinusurika kwa pungufu ya dakika moja, na kwa gigabiti haikuwa na namna. Vihesabio vya biti 64 ndivyo vilivyoiokoa.

Debian 9, iliyotoka mwaka 2017, haikuiweka tena ifconfig kati ya amri zinazokuja na mfumo. Mahali pake ipo ip, inayotumia netlink. Lakini dirisha la mwaka 1983 halijafungwa. Ukiomba orodha ya kadi kwa ioctl kwenye Linux ya leo utajibiwa, ila katika orodha hiyo utapewa zenye anwani za IPv4 tu.