Magari yasiyo na dereva na lugha ya barabara ya Same

KATIKA barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Arusha, inapopita Same chini ya Milima ya Upare, madereva na watembea kwa miguu huelewana bila maneno. Dereva wa lori akiwasha indiketa ya kushoto, aliye nyuma hujua kuwa mbele ni kweupe, apite. Akiwasha ya kulia, asubiri, kuna gari linakuja.

Hata hivyo, lugha hiyo ni ya mazoea na ina utata. Indiketa ya kulia yaweza pia kumaanisha kuwa lori lenyewe linakata kona. Aidha, taa za mbele zinazomulikwa ghafla, kwa dereva mmoja ni "pita", kwa mwingine ni "kaa kando, nakuja".

Utata huo ni hatari kwenye barabara isiyosamehe kosa. Juni 28, 2025, basi na Coaster viligongana eneo la Sabasaba, Same, vikateketea kwa moto na kuua watu zaidi ya 35.

Kwenye kona za mlimani, kuelekea Mbaga, dereva hupiga honi kabla hajaonekana. Kwenye pundamilia, anayevuka humtazama dereva usoni, akapungiwa mkono.

Gari linalojiendesha halina uso wala mkono, hivyo waundaji wametafuta ishara mbadala. Magari ya Waymo, yanayobeba abiria nchini Marekani, huonyesha alama kwenye kuba lililo juu ya paa kumjulisha mtembea kwa miguu kwamba yanamsubiri. Mwaka 2023, Mercedes-Benz iliruhusiwa katika majimbo ya California na Nevada kutumia taa za rangi ya feruzi kuashiria kuwa gari linajiendesha. Umoja wa Ulaya nao, tangu Julai 2021, unataka kila gari jipya la umeme litoe sauti linapokwenda taratibu, ili wasioona wasikie.

Ishara hizo, hata hivyo, humfaa aliyezifahamu tu. Nayo mashine iliyofunzwa Marekani haitajua maana ya indiketa ya kushoto ya lori la Same mpaka ifundishwe.

Kwa anayevuka, kanuni salama ni ileile, gari liwe na dereva au lisiwe naye: taa, honi na mkono si ruhusa. Ruhusa ni gari lililosimama.