Waliponyimwa Pasipoti, Walipitia Kairo

Mwishoni mwa Mei 2025 Marekani ilisimamisha kwa wiki kadhaa upangaji wa mahojiano mapya ya viza za wanafunzi. Kakamega ina historia ndefu na vikwazo vya aina hii, ingawa haisimuliwi sana.

Masinde Muliro, ambaye chuo kikuu cha mjini humo kina jina lake, alisafiri hadi Cape Town kutafuta digrii. Alihitimu 1954, na 1957 akachaguliwa kuiwakilisha Nyanza Kaskazini, wilaya iliyokuwa na makao yake Kakamega, katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka 1959 makaburu wa Afrika Kusini walipitisha sheria iliyomlazimu mwanafunzi Mwafrika kupata kibali cha waziri kabla ya kusoma vyuo kama hicho alichosoma Muliro.

Septemba mwaka huohuo ndege ya Tom Mboya iliwapeleka Marekani wanafunzi 81. Hiyo inajulikana.

Kasheshe yenyewe ilikuwa ya Jaramogi Oginga Odinga. Anaisimulia katika *Not Yet Uhuru*, kitabu chake cha 1967, na kwa kuwa msimulizi ni yeye, lawama zote zinamwangukia Mwingereza. Serikali ya kikoloni, kwa hofu ya ukomunisti, haikutaka vijana waende kusoma Ulaya Mashariki, na pasipoti ndiyo iliyokuwa rungu lake. Odinga mwenyewe alinyang'anywa yake. Ikabaki njia ya panya. Uganda ilikuwa chini ya Mwingereza yuleyule, hivyo kuvuka mpaka, ambao kutoka Kakamega ni karibu kuliko Nairobi, hakukuhitaji pasipoti. Vijana wakapenya kaskazini hadi Sudan, wengine kwa miguu, wakaibukia Kairo kwa Nasser, rais wa Misri. Huko Wakenya wenzao walikuwa na ofisi, na kutoka hapo wakatafutiwa nafasi za masomo ng'ambo. Wanastahili angalau bango la kumbukumbu.

Uhuru haukumaliza mchezo huo wa pasipoti. Mwaka 1988 wakili Gibson Kamau Kuria, aliyewahi kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, hakuweza kwenda kupokea tuzo ya Robert F. Kennedy, kwa kuwa serikali ya Moi ilikuwa imeshikilia pasipoti yake. Katiba ya 2010 imeifanya pasipoti kuwa haki ya raia.

Viza ni jambo jingine. Mwanafunzi wa Kakamega anayekwenda Marekani hulipa dola 350 za usajili wa SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na 185 za ombi la viza, fedha ambazo hazirudi hata akikataliwa. Kisha husafiri hadi ubalozini Gigiri, na tangu Juni 2025 anatakiwa aache akaunti zake za mitandao wazi zikaguliwe.