'The Snowy Day': Kitabu cha mtoto mweusi kilichobadili fasihi ya watoto Marekani

KITABU chenye kurasa 32 tu, kinachosimulia siku moja ya mtoto mdogo anayecheza kwenye theluji, ndicho kilichoazimwa mara nyingi kuliko vingine vyote katika historia ya Maktaba ya Umma ya New York. Takwimu zilizotolewa na maktaba hiyo Januari 2020, katika maadhimisho ya miaka 125 ya kuanzishwa kwake, zilionyesha kuwa 'The Snowy Day' kilikuwa kimeazimwa mara 485,583, na hivyo kuvipita vitabu mashuhuri vya watoto na vya watu wazima.

Kitabu hicho kiliandikwa na kuchorwa na Ezra Jack Keats, na kilitolewa na kampuni ya Viking mwaka 1962. Mhusika wake ni Peter, anayeamka asubuhi na kukuta mji umefunikwa na theluji. Anavaa vazi lake jekundu lenye kofia, anatoka nje, anaacha nyayo, anagonga mti kwa kijiti na kuangukiwa na theluji kichwani. Jioni anaficha donge la theluji mfukoni ili alichezee kesho, kisha anahuzunika anapokuta mfuko mtupu.

Kisa ni hicho tu. Kilichowashtua wengi wakati ule ni kwamba Peter ni mtoto mweusi, na kwamba maandishi ya kitabu hayasemi neno lolote kuhusu jambo hilo. Ni picha pekee zinazoonyesha. Peter hapambani na ubaguzi, wala hakuwekwa pale ili kuwafundisha watoto weupe somo la maadili. Yeye ni mtoto anayefurahia theluji, kama mtoto mwingine yeyote wa mjini.

Mwaka huo wa 1962, Marekani ilikuwa bado katika mapambano makali ya haki za raia. Miezi michache kabla ya kitabu hicho kutunukiwa medali, watu wawili walikuwa wameuawa katika ghasia zilizozuka Chuo Kikuu cha Mississippi, wakati mwanafunzi mweusi, James Meredith, alipokwenda kujiandikisha. Sheria ya Haki za Raia ilikuja kutiwa saini mwaka 1964.

Picha zilizokaa miaka ishirini

Keats mwenyewe hakuwa mtu mweusi. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1916, akiitwa Jacob Ezra Katz, mtoto wa wahamiaji Wayahudi kutoka Poland waliokuwa wakiishi katika umaskini. Baba yake, aliyekuwa mhudumu wa mgahawa, alimwonya mara kwa mara kuwa uchoraji hauna maisha. Hata hivyo, alikuwa akimletea rangi nyumbani, akidai kwamba wachoraji wenye njaa walikuwa wamezibadilisha kwa supu. Baba huyo alifariki dunia ghafla mwaka 1935, na kijana alipokwenda kuutambua mwili wake, alikuta ndani ya pochi vipande vya magazeti vilivyoandika kuhusu tuzo alizozipata shuleni kwa michoro yake.

Baada ya kutumikia jeshi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, alibadili jina mwaka 1947, wakati ambapo chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwa ikiwafungia wengi milango ya ajira. Kwa hiyo, kutengwa hakukuwa jambo la kusimuliwa kwake.

Katika miaka aliyofanya kazi ya kuchora vitabu vya waandishi wengine, Keats alibaini kuwa hakuwahi kuletewa hadithi ambayo shujaa wake ni mtoto mweusi. Tangu mwaka 1940 alikuwa amehifadhi picha alizozikata kutoka jarida la Life, zikimwonyesha mvulana mdogo mweusi wa jimbo la Georgia. Zaidi ya miaka ishirini baadaye alizitoa, akazibandika ukutani na kumwumba Peter. Alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mtoto huyo alistahili kuwamo vitabuni tangu zamani.

Namna alivyozitengeneza picha nayo ilikuwa ngeni kwake. Badala ya kutegemea brashi peke yake, alikata na kubandika vipande vya karatasi zenye nakshi kutoka nchi mbalimbali, ikiwamo Japani. Gauni la mama yake Peter lilitokana na kitambaa cha kutandikia makabati. Chembe za theluji alizigonga kwa mihuri aliyoichonga kutokana na vifutio. Na ukuta wa chumba aliunyunyizia wino kwa mswaki.

Mwaka 1963 kitabu kilipata Medali ya Caldecott, tuzo ya juu kabisa ya vitabu vya picha nchini Marekani. Barua zilimiminika. Mshairi Langston Hughes alikuwa miongoni mwa waliokisifu. Mwalimu mmoja alimwandikia Keats kwamba wanafunzi wake weusi, waliozoea kujichora kwa rangi ya waridi, sasa walikuwa wakichukua rangi ya kahawia.

Sifa na lawama

Pamoja na sifa hizo, kitabu hakikukwepa lawama. Septemba 1965, mwalimu Nancy Larrick alichapisha katika jarida la Saturday Review makala iliyotikisa sekta ya uchapishaji. Alichunguza vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa na kampuni 63 katika miaka ya 1962 hadi 1964, akakuta ni 349 tu, sawa na asilimia 6.7, vilivyomtaja au kumwonyesha mtu mweusi hata mmoja. Vilivyowahusu Wamarekani weusi wa wakati huo havikufikia asilimia moja.

Katika makala hiyo hiyo Larrick alimkosoa Keats kwa kunyamazia rangi ya Peter katika maandishi, na pia kwa umbo la mama yake, aliyeonekana mnene ndani ya gauni la rangi kali, taswira iliyowakumbusha wengine kejeli za zamani dhidi ya wanawake weusi. Keats alijitetea, akishikilia kuwa picha zimekwisha kusema na hakuna haja ya kuyarudia kwa maneno.

Miaka iliyofuata iliibua swali zito zaidi: nani ana haki ya kusimulia maisha ya mtoto mweusi? Wapo waliodai kwamba Peter angeweza kupakwa rangi nyeupe na hadithi isibadilike. Watetezi wake walijibu kwamba hapo ndipo ulipo uzito wa kitabu, kwani furaha ya utoto haina rangi. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, maana mafanikio ya Keats hayakuwafungulia mara moja waandishi weusi milango ya wachapishaji. Kituo cha Vitabu vya Watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kilipoanza kuhesabu mwaka 1985, kilikuta vitabu 18 tu vya waandishi na wachoraji weusi, kati ya takriban 2,500 vilivyotolewa mwaka huo.

Hata hivyo, wapo waliopenya. John Steptoe alitoa 'Stevie' mwaka 1969 akiwa bado kijana mdogo. Muriel na Tom Feelings walikipeleka Kiswahili mbele ya watoto wa Marekani kwa 'Moja Means One', kitabu cha kuhesabu cha mwaka 1971, na 'Jambo Means Hello', kitabu cha alfabeti cha mwaka 1974. Vyote viwili vilipata heshima ya Caldecott. Mwaka 1976, Leo Dillon akawa msanii mweusi wa kwanza kupata medali yenyewe, akishirikiana na mkewe, Diane.

Urithi

Keats alimrudisha Peter katika vitabu vingine, vikiwamo 'Whistle for Willie' cha mwaka 1964 na 'Peter's Chair' cha mwaka 1967, na wasomaji walimwona akikua. Mwandishi huyo alifariki dunia mwaka 1983. Taasisi yenye jina lake hutoa tuzo kwa waandishi na wachoraji chipukizi wa vitabu vya picha. Nyaraka zake zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Southern Mississippi, chuo ambacho hakikupokea wanafunzi weusi hadi mwaka 1965, miaka mitatu baada ya Peter kutoka kwenda kucheza.

Mwaka 2017 Shirika la Posta la Marekani lilitoa stempu nne zenye picha za mtoto huyo na vazi lake jekundu.

Mtaalamu wa fasihi ya watoto, Rudine Sims Bishop, aliandika mwaka 1990 kwamba kitabu kizuri huwa kioo kwa mtoto anayejiona humo, na dirisha kwa mtoto anayechungulia maisha ya mwenzake. 'The Snowy Day' kimekuwa vyote viwili. Mtoto mweusi wa Brooklyn amejiona humo. Na mtoto wa pwani ya joto, asiyewahi kugusa theluji maishani mwake, anaelewa bila kuelezwa kwa nini Peter alihuzunika alipokuta mfuko wake mtupu.