Meza ya Gisenyi na Seva ya Kigali

Habari za kompyuta kuingia mpakani Gisenyi huelezwa kama hatua moja tu: zamani daftari na mhuri, leo skrini. Maelezo hayo yanaruka jambo lenye uzito zaidi. Mji huu uko kilomita zipatazo 150 kutoka Kigali, lakini na Goma, mji wa Kongo, umeshikana ukuta kwa ukuta. Mpaka uliokubaliwa Brussels mwaka 1910 unapita katikati ya mitaa, na kivuko cha Petite Barrière kimezoea kuvusha makumi ya maelfu ya watu kwa siku moja, wengi wao akina mama wafanyabiashara wenye mafungu ya mboga na maharage. CEPGL, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Maziwa Makuu, ilizaliwa hapahapa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976, moja ya shabaha zake ikiwa kurahisisha uvukaji huo. Kumbukumbu za mpakani basi huandikwa Gisenyi na kutakiwa Kigali. Mimi nasema historia yake halisi ni ya kamba iliyounganisha meza ya karani na seva ya mbali, na ya namna watu walivyotafuta kasoro kila kamba hiyo ilipogoma.

Ugumu wake unaonekana vizuri tukitazama kwanza mahali ambapo mambo yalikwenda sawa. Microsoft Access, kanzidata ya mezani, ilitoka mwaka 1992, wakati uleule ilipokuja ODBC, daraja la kuiwezesha programu ya mezani kusoma majedwali ya seva. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret nchini Kenya, kilianza kuweka taarifa za wagonjwa kwenye Access, kikitumia kompyuta mbili zilizounganishwa palepale kituoni, na umeme wa jua kama akiba. Mfumo ulidumu, na umbali mfupi ulichangia. Sasa peleka mpango kama huo kwenye kiungo cha satelaiti, ambacho baadhi ya vituo vya vijijini Rwanda vilikitegemea kabla ya mkonga wa intaneti. Ishara hupanda kilomita 36,000, ikashuka kiasi hichohicho, na jibu hurudi kwa njia ileile. Nusu sekunde imekwisha. Access inapofungua jedwali la seva haileti kila kitu kwa mkupuo. Huomba kwanza funguo za safu, kisha safu zenyewe kidogo kidogo, na ombi moja husubiri jibu la lililotangulia. Maombi mia moja hula karibu dakika nzima. Karani husema hakuna rezo, yaani mtandao, ilhali rezo ipo, neno la siri ni sahihi na seva iko hai. Tatizo ni wingi wa safari, na ukimbadilisha karani au ukinunua kompyuta mpya halitibiki.

Waliolielewa hilo walirudia, kwa vifaa vipya, busara ya daftari: andika hapa kwanza, peleka baadaye. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, ilipoanza Rwinkwavu, mashariki mwa Rwanda, mwaka 2006, haikuchukua muda ikaundiwa njia ya kuipa zahanati seva yake ndogo inayopatana na seva kuu pale kiungo kinaporuhusu. Kwenye forodha, ASYCUDA World, programu ya UNCTAD, iliyoanza kutumika Rwanda mwaka 2012, ilisanifiwa isihitaji muunganiko wa kudumu na seva ya taifa.

Wapo watakaosema kwamba daftari la mpakani lilikuwa mlango wa rushwa, na kwamba kila kitu kinachohifadhiwa nje ya seva kuu kinaweza kuchezewa. Hoja hiyo ina nguvu, ukurasa huchanika. Lakini seva ikiwa ndiyo kumbukumbu pekee, siku kiungo kinapokatika mizigo ama hupita bila kuandikwa popote, ama hukwama, na nyanya haziwezi kusubiri. Kumbukumbu ya mezani yenye namba za mfululizo, inayolinganishwa baadaye na ya Kigali, huacha pengo linaloonekana pale mtu anapoondoa kitu.

Wengine watasema mkonga wa taifa, wenye zaidi ya kilomita 2,000, ulifika wilayani kufikia mwaka 2011, kwa hiyo mjadala umefungwa. Mkonga umetibu ucheleweshaji, na hilo si dogo. Haukugusa mlango 1433 wa SQL Server, kanzidata ya upande wa seva, uliofungwa na ukuta wa ulinzi, wala kiendeshi cha biti 32 kilichowekwa kwa ajili ya Access ya biti 64, wala jedwali lililoongezwa safuwima Kigali huku mashine ya mezani ikiendelea kukumbuka umbo lake la zamani hadi kiungo kihuishwe. Kosa baya kuliko yote ni lile ambapo safu nzima hujaa neno #Deleted. Anayeliona mara ya kwanza huamini data imefutwa, akaanza kuandika upya na kuzalisha rekodi pacha. Kumbe data iko salama kwenye seva. Access imeshindwa tu kuilinganisha na ufunguo wake, labda kwa sababu ufunguo ni tarehe yenye vipande vya sekunde ambavyo yenyewe haivisomi. Uchunguzi wake huanzia kwenye meza ileile: fungua jedwali hilo moja kwa moja kwenye seva, hesabu safu, kisha tazama ufunguo. Hiyo ni kazi anayoweza kufundishwa karani wa Gisenyi, na ndiye wa kwanza kuliona kosa lenyewe.