Umetoka JKCI umerudi Songea: unafuatiliwaje kwa simu?

Mgonjwa aliyezibuliwa mshipa wa moyo Dar es Salaam anarudi Songea, zaidi ya kilomita 900, na mfuko wa dawa mkononi. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) iko kule Muhimbili, na nauli ya kwenda na kurudi siyo ya kila mwezi. Ndiyo maana utengamao wa mbali una maana kwa mtu wa Ruvuma: dawa, mazoezi na chakula vinasimamiwa kwa simu, mgonjwa akiwa nyumbani.

Je, inasaidia? Mapitio ya tafiti ya Cochrane yanaonyesha utengamao wa nyumbani unaosimamiwa vizuri hutoa matokeo yanayokaribiana na ule wa hospitalini. Na siyo lazima simu janja. Huko Sydney, Australia, utafiti wa TEXT ME uliochapishwa 2015 ulihusisha wagonjwa 710 wa mishipa ya moyo. Waliotumiwa meseji nne kwa wiki kwa miezi 6 walikuwa na presha na lehemu mbaya ya chini kuliko wenzao, na wavutaji sigara kati yao walikuwa wachache. Meseji tu, hata kitochi kinapokea.

Kwa hiyo kabla ya kuruhusiwa, uliza: nimpigie nani, saa ngapi? Barua ya kuruhusiwa ipelekwe nakala Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au Peramiho, kwa sababu daktari wa Dar hawezi kukupima presha kwa sauti. Presha ipimwe hapa, namba iandikwe kwenye daftari, asomewe.

Hatari kubwa ni dawa. Mtu akipata nafuu anaacha, au famasi ikikosa dozi anaruka wiki. Aliyewekewa stenti mara nyingi huandikiwa aspirini na klopidogreli kwa takriban mwaka mmoja. Akikatisha mwenyewe, damu inaweza kuganda na kuziba palepale. Piga simu kabla vidonge havijaisha.

Mazoezi yaanze kwa kutembea tambarare (vilima vya Matogoro visubiri), kwa mwendo unaokuruhusu kuongea.

Ila maumivu ya kifua yakirudi hata umepumzika, jasho la baridi au pumzi kukata, usisubiri meseji ijibiwe. Nenda hospitali iliyo karibu saa hiyohiyo.