Baa Ifungwe Saa Ngapi? Muulize Jirani Anayelala Ukuta wa Pili

Wadau, hii vita tunaijua wote. Upande mmoja yupo mwenye baa, jina kapuni, kakopa benki, kaajiri wahudumu na mchoma nyama, na anajua hela yake inaanza kuingia Ijumaa kuanzia saa 4 usiku. Upande wa pili yupo mama mwenye kichanga, naye jina kapuni, kitanda chake kiko hatua kumi kutoka kwenye spika. Ugomvi ukifika kwa wakubwa, jibu huwa lile lile: punguzeni masaa. Sasa hii dawa imeshajaribiwa sana duniani, na matokeo yake yanachekesha kidogo.

Australia ni mbali, ndio, ila ndiko ilikojaribiwa kwa ukali. Mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, majimbo kadhaa yaliamuru baa zifungwe saa 12 jioni. New Zealand ikafuata 1917. Wazo lilikuwa zuri tu: baba arudi home mapema, mtaa utulie. Kumbe wafanyakazi wengi walikuwa wanatoka kazini saa 11, kwa hiyo walibaki na saa moja ya kunywa. Ikawa si kunywa tena, ni kugida. Mtu anaagiza glasi kadhaa kwa mpigo, anazimimina fasta, ikigonga saa 12 wote wanamwagwa barabarani kwa pamoja, chakari. Baa zikaanza kubandika vigae ukutani ili iwe rahisi kuosha uchafu, na nadhani umeelewa uchafu gani. New South Wales waliachana na mchezo huo 1955, Victoria 1966, New Zealand 1967. Karibu nusu karne!

Jirani zetu Kenya walikuja na yao 2010, sheria ya vileo ambayo mtaani waliibatiza jina la mbunge aliyeipigania, Mututho. Siku za kazi baa zinafunguliwa saa 11 jioni na kufungwa saa 5 usiku, wikiendi zinaanza saa 8 mchana. Miaka 12 baadaye wakazi wa Nairobi bado walikuwa wanalia kuhusu kelele. Mwishoni mwa 2022 Gavana Sakaja akabadilisha swali lenyewe: achana na saa, klabu za usiku zisiwepo kabisa kwenye makazi ya watu. Wenye klabu wakaja juu, na mimi nawaelewa. Leseni zinazofutwa zilitolewa na nani kama si kaunti hiyo hiyo? Ada ilipokelewa, risiti ikakatwa, jirani hakuulizwa kitu, halafu siku jirani akichoka anayeumia ni mwenye mtaji na mhudumu wake.

Bongo nako sheria ya vileo ni ya 1968 na imepanga masaa kwa aina ya leseni. Ila Mei 2023 NEMC walipofungia baa na kumbi za starehe kwenye miji kama Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza, kosa halikuwa saa. Lilikuwa kelele. Kanuni za kelele za 2015 zina viwango tofauti vya mchana na usiku, na makazi hayapimwi sawa na eneo la viwanda. Kwangu mimi hapo ndipo pa kushika. Bia haipigi kelele, spika ndiyo inapiga.

Na Tanga hatukuanza muziki jana. Miaka ya 60 na 70 mji huu ulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi, Black Star na Lucky Star kwenye taarab. Babu zetu walikula bata, msidanganyike na sura zao za msikitini. Magitaa ya umeme yalikuwepo, ila hakuna aliyekuwa na ukuta wa spika kama wa vigodoro vya leo, unaotikisa vyombo kabatini kwa jirani.

Ndiyo maana macho yangu yako Tongoni. Wengi tunaijua kwa magofu, ule msikiti wa kale na makaburi yake, kusini mwa mjini kwenye barabara ya Pangani. Lami ikipita mahali, baa huifuata, na Tongoni ni kata ya Jiji la Tanga, kwa hiyo leseni itaandikwa mjini. Lakini usiku wa kule si usiku wa barabara ya kumi na ngapi sijui. Mvuvi hafuati wikiendi, anafuata maji. Bamvua likiingia Jumamosi, saa 9 usiku anatafuta nyavu zake, na alfajiri adhana inaita wengine. Ukimwambia baa itafungwa saa 6 usiku, umemwachia masaa matatu ya kulala.

Mimi ningetaka leseni iwe na saa mbili badala ya moja. Ya kwanza ya kuzima spika, tuseme saa 4 usiku, ya pili ya kufunga mlango, hata iwe saa 7. Na kabla haijagongwa muhuri isomwe kwenye mkutano wa mtaa, mvuvi na yule mama wakiwepo, na mwenye baa naye awepo ajibu maswali. Wenye viwanja, mngekubali kusaini hiyo?