Pikapu za Gitaa na Urithi wa Ziwa Mweru

Pikapu ya gitaa la umeme ikiharibika, huonekana ni kazi ya fundi kuchagua nyingine. Mimi naliona kuwa swali la historia.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba; uzi wa chuma ukitetemeka karibu nayo, umeme mdogo hutokea kwenye waya. George Beauchamp wa Marekani aliibuni mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kasoro yake ilikuwa kunasa mvumo wa nyaya za umeme zilizo karibu. Mwaka 1955 Seth Lover, wa kampuni ya Gibson, aliombea hataza pikapu ya koili mbili zinazopingana: mvumo hujifuta, sauti ikawa nzito zaidi.

Je, Puta, ufukweni mwa Mweru, ifungwe ipi? Luapula ni nyumbani kwa kalindula, muziki uliopewa jina la gitaa la besi linaloundwa kwa mikono. Ng'ambo ni Katanga, alikozaliwa Mwenda Jean Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga gitaa kavu. Kidole gumba chake kilishika besi, cha shahada kikapiga melodi, na kila uzi ulisikika peke yake.

Koili mbili hupunguza ukali wa sauti za juu. Kwa hiyo nachagua koili moja, na mvumo wake. Ubora wa kifaa haupimwi kwa ukimya tu; tuulize pia kinaficha nini katika muziki wetu.